Kitu, Picha, Tarakimu: Jinsi Hesabu Inavyomfikia Mtoto Mdogo

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili wanafunzi walisome tena darasani.)

Kabla ya kuanza, naomba kila mmoja aweke mbele yake vitu kumi vidogo: visoda, kokoto, au punje za mahindi. Nanyi mnaolisoma somo hili katika karatasi, fanyeni hivyo hivyo. Tutavitumia.

Leo tutasoma historia. Siyo historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kuhesabu, na jinsi inavyowahusu watoto wetu wadogo.

Wengi wenu mna mtoto au mjukuu wa miaka minne au mitano. Asubuhi huenda shule ya chekechea, ambayo watu wengi wa Dar es Salaam wameizoea kwa jina la shule ya vidudu. Jioni hurudi nyumbani, Temeke au Kinondoni, Mbagala au Tandale, akaimba: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini, bila kusita. Wazazi hufurahi, nao wana haki ya kufurahi. Lakini mwambieni mtoto huyo, "Tuletee vikombe vinne." Huenda ataleta vitatu. Huenda atakumbatia vyote vilivyomo kabatini. Je, mtoto huyu anajua kuhesabu?

Anajua wimbo wa namba. Kuhesabu bado. Wimbo ni mwanzo mzuri, lakini nne ya kwenye wimbo ni sauti tu, mpaka mtoto aishike nne mkononi. Tukitazama nyuma tutaona kwamba binadamu wote walipita njia hiyo. Kwanza kitu, kisha picha, mwisho tarakimu. Shikeni maneno hayo matatu, maana somo lote limesimama juu yake kama chungu juu ya mafiga.

1. Kitu

Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alikuwa akichimba mahali paitwapo Ishango, kando ya Ziwa Edward, mashariki ya Kongo. Akapata mfupa mdogo wenye alama nyingi za kukatwa, zimepangwa katika safu tatu. Wataalamu wanakisia kwamba mfupa huo una umri wa miaka 20,000 hivi. Wanabishana alama zile zilihesabu nini. Lakini jambo moja ni rahisi kuliona: mtu alikata chale moja, akakata nyingine, akaziweka mafungu mafungu. Hakuwa na daftari wala tarakimu. Alikuwa na mfupa na kisu cha jiwe.

Watu wa kale walitumia pia vidole vyao, na lugha zetu zinashuhudia. Zamani Waswahili walisema tandatu kwa sita, fungate kwa saba, na kenda kwa tisa. Lugha nyingine za Kibantu, kama Kisukuma, bado zina maneno ya jamaa hiyo. Lisikilizeni neno tandatu. Mnasikia tatu ndani yake? Wataalamu wa lugha wanaona kwamba asili yake ni tatu na tatu. Kadhalika nane, asili yake ni nne na nne. Inua vidole vitatu vya mkono huu na vitatu vya mkono ule: sita. Inua vinne na vinne: nane. Hesabu ya kujumlisha imo ndani ya neno lenyewe.

Baadaye, kwa biashara na dini, maneno ya Kiarabu yakaingia: sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, mia na elfu. Laki ilitoka Bara Hindi. Ukitaka kuyatambua maneno mageni, tazama sarufi. Twasema watoto wawili, watatu, wanne, watano. Kisha twasema watoto sita, watoto saba. Neno halibadiliki. Tukifika nane, linabadilika tena: watoto wanane. Sita, saba na tisa ni wageni waliokaribishwa nyumbani, lakini hawakuvaa nguo za wenyeji. Fungate nayo haikufa. Ilihamia arusini, katika zile siku saba za bwana na bibi arusi.

Jambo hili lina faida kwa mwalimu wa watoto. Kiswahili husema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Neno linaeleza hesabu waziwazi: kumi, na moja juu yake. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo, kwa kuwa neno lake la kumi na moja halionyeshi kumi wala moja. Lakini mtoto wetu akifika kumi na tisa, hukwama. Ishirini haisemi kwamba ni kumi mbili. Wazee wa zamani walisema makumi mawili, na maana ilikuwa wazi. Basi mtoto akikwama hapo usimwite mjinga. Mpe mafungu mawili ya vijiti kumi kumi, kila fungu limefungwa kwa mpira, umwambie: "Hii ni kumi, na hii ni kumi. Makumi mawili ndiyo ishirini."

Watu wa pwani walikuwa na vyombo vya kuhesabia na kupimia hata kabla ya shule za serikali. Walipima kitambaa kwa shibiri na kwa mkono. Walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Hata methali isemayo haba na haba hujaza kibaba ni somo la kujumlisha.

Na michezo je? Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kumi na ishirini na mbili ni 32, na 32 mara mbili ni 64. Mzee anayecheza bao barazani hufanya hesabu nyingi kwa dakika moja, wala haandiki hata tarakimu moja. Wasichana nao wana mdako. Huchimba kishimo, hukijaza kokoto, hurusha moja juu na kuzikomba nyingine kabla ile ya juu haijaanguka. Kisha huzirudisha, huku wakibakiza moja moja, halafu mbili mbili, halafu tatu tatu. Mama wengi wanaonisikiliza walicheza mdako. Basi walijifunza kugawanya kabla hawajaliona neno kugawanya ubaoni.

2. Picha

Kitu kinashikika, lakini hakiwezi kuwapo daima. Huwezi kumleta mbuzi darasani kila siku. Hapo ndipo picha inapoingia.

Mwaka 1658, katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, kilitolewa kitabu cha mwalimu aitwaye Comenius, mtu wa Moravia. Kiliitwa Orbis Pictus, yaani ulimwengu katika picha. Kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vilivyowafundisha watoto kwa picha. Comenius aliona kwamba mtoto hawezi kushika neno ambalo hajaona kitu chake.

Waliomfuata walirudi kwenye vitu vyenyewe. Mwaka 1837 Friedrich Froebel alifungua mahali pa watoto wadogo huko Blankenburg, Ujerumani, akapaita baadaye bustani ya watoto. Aliwapa mipira ya sufi na vipande vya mti. Kipande kimoja chenye pande sawa kiligawanyika kuwa vidogo vinane. Mtoto alikivunja na kukijenga tena, akaona nusu na robo kwa macho yake.

Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto huko San Lorenzo, mtaa wa watu maskini katika mji wa Roma. Wazazi walikuwa wakishinda kazini, na watoto walikuwa wakirandaranda tu. Hali hiyo si ngeni kwetu. Montessori aliwapa fimbo kumi za urefu mbalimbali, shanga za kutunga kumi kumi, na sanduku lenye vyumba vya kuwekea vijiti. Chumba cha moja kilipata kijiti kimoja, cha mbili vijiti viwili. Chumba cha sifuri kilibaki kitupu. Mtoto aliiona sifuri: ni mahali palipo tayari, lakini hapana kitu.

Hata hapa kwetu, serikali iliwahi kuwafundisha watu wazima kwa picha. Fedha katika nchi hii ilibadilika mara nyingi. Zamani rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 Wajerumani wakaigawanya rupia kuwa heller 100. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waingereza wakaleta shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Kila mara muuzaji na mnunuzi walijifunza upya, na wengi wao hawakuwa wamekwenda shule. Mwaka 1966 Tanzania ikatoa fedha yake. Senti tano ilikuwa na samaki, senti ishirini ilikuwa na mbuni, senti hamsini ilikuwa na sungura, na shilingi ilikuwa na mwenge. Asiyejua kusoma aliweza kuitambua sarafu kwa mnyama wake. Senti hizo hazitumiki tena madukani, lakini wazee wanamkumbuka sungura. Ile ilikuwa hesabu kwa picha, nao waliielewa vizuri.

3. Tarakimu

Tarakimu ndiyo hatua ya mwisho, na ilichukua muda mrefu kufika. Namna ya kuandika tunayoitumia leo ilianza Bara Hindi. Katika karne ya tisa Al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika juu yake, na Waarabu wakaieneza. Wazungu waliipokea kutoka kwao. Neno letu sifuri ni la Kiarabu, na maana yake ni tupu.

Fikirini basi. Tangu chale za Ishango mpaka tarakimu za Bara Hindi ni maelfu ya miaka. Binadamu walikaa na vitu na picha muda mrefu kabla ya kuandika 7 na kusema, "Hii ni saba." Lakini alama 7 haina vitu saba ndani yake. Ni mapatano tu. Nasi twataka mtoto wa miaka minne ayaelewe mapatano hayo kwa juma moja, na akikosea twamfinya sikio!

Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, alichunguza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1941. Nanyi mnaweza kulijaribu leo. Panga visoda saba katika mstari, vikaribiane. Chini yake panga saba vingine, lakini vitawanye viwe mstari mrefu. Muulize mtoto wa miaka minne ni mstari upi wenye vingi. Watoto wengi watasema ni ule mrefu, hata wakiisha kuihesabu mistari yote miwili. Usicheke. Jicho lake bado lina nguvu kuliko hesabu yake. Visogeze pamoja mbele yake, uvitawanye tena, umwache afanye mwenyewe. Fimbo haitamsaidia. Kuvigusa mara nyingi kutamsaidia.

4. Shule zetu na mitaa yetu

Mitaa ya Magomeni, Kinondoni na Temeke ilipanuka sana katika miaka ya 1950, kisha mji ukaendelea mpaka Mbagala na kupita. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akataka masomo yafungamane na maisha ya watu. Mwaka 1970 ukawa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ikakaza mwendo ili kila mtoto aingie shule ya msingi. Yalikuwa mambo makubwa. Lakini darasa likijaa watoto, na mwalimu ni mmoja, vitu vya kushika havitoshi. Njia rahisi ni kuimba kwa pamoja. Ndiyo maana wimbo ulizidi, na vijiti vikapungua.

Elimu ya awali iliingia rasmi katika sera ya mwaka 1995. Sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Tangu Januari 2016, serikali ilipoondoa ada, watoto wengi zaidi wakaja. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulimtaka mwalimu afundishe kwa michezo, picha na vitu halisi.

Watu wengine wamesaidia. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, ili watoto wapate vitabu vya hadithi na picha kwa Kiswahili. Huko Zanzibar, katika miaka iliyofuata 2006, redio iliendesha vipindi vilivyoitwa Tucheze Tujifunze. Sauti iliwaambia watoto wapige makofi, waimbe na wahesabu vitu, na mtu mzima aliyekuwa nao aliwaongoza. Mwaka 2014 vipindi vya Ubongo Kids, vinavyotengenezwa Dar es Salaam, vilianza kuonyeshwa katika televisheni ili kufundisha hesabu kwa hadithi na katuni.

Hata hivyo safari ni ndefu. Uwezo, shirika ambalo lilianza kuwapima watoto nyumbani kwao mwaka 2010, lilikuta watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza hesabu za darasa la pili. Mtoto kama huyo hakupotea siku ile alipopimwa. Alipotea mapema, pale alipopewa tarakimu bila kitu wala picha, akawa anakisia ili asichekwe. Kila darasa likaongeza hesabu juu ya msingi usiokuwapo.

Na hapa sisi wazazi tuna sehemu yetu. Katika mitaa mingi mzazi huipima chekechea kwa daftari. Akiona kurasa zimejaa namba husema, "Hapa wanafundisha." Akimwona mtoto akipanga visoda sakafuni husema, "Ada yangu inaliwa kwa michezo." Mwalimu akiogopa maneno hayo, huwanyang'anya watoto visoda na kuwapa kalamu. Ndugu zangu, nawaomba mlipime jambo hili kwa haki. Mtoto aliyeandika 5 mara hamsini, na asiyeweza kutoa maharage matano, hajafundishwa tano. Amefundishwa kuchora.

5. Kazi ya nyumbani kwako

Wengine mtasema, "Mimi mwenyewe ndiyo kwanza najifunza kuandika tarakimu. Nitamfundisha nini mtoto?" Jibu ni hili: hatua mbili za kwanza unazo tayari. Wewe mama unayepanga mafungu ya nyanya sokoni, tatu chini na moja juu, unajua kwamba mafungu matano ni nyanya ishirini. Wewe mzee wa bao unajua 32 na 32. Hilo ndilo analolihitaji mtoto kwanza. Hatua ya tatu mtajifunza pamoja.

Fanya mambo matatu.

La kwanza ni kugawa. Wakati wa chai, mwambie mtoto aweke kikombe kimoja kwa kila mtu. Muulize, "Vimetosha? Kimezidi kimoja? Kimepungua?" Mwache afikiri. Usimjibie.

La pili ni sanduku la kumi. Chukua trei ya mayai ya karatasi, ukate safu mbili za vishimo vitano. Una vishimo kumi. Mtoto atie kisoda kimoja kimoja huku akihesabu. Akitia saba muulize, "Vishimo vingapi vitupu?" Ataona vitatu. Hivyo amejifunza kwamba saba na tatu ni kumi, na kwamba kumi ukitoa saba hubaki tatu. Lakini angalia: mtoto anayetia vitu mdomoni asiachwe peke yake na visoda wala maharage.

La tatu ni kitabu cha picha. Usingoje kununua. Kunja karatasi, zishone kwa uzi, chora mambo ya nyumbani. Ukurasa wa kwanza, nazi moja. Wa pili, ndala mbili. Wa tatu, mafiga matatu. Wa nne, miguu minne ya mbuzi. Wa tano, vidole vitano. Wa sita, miguu sita ya nzi. Wa saba, mitungi saba, mmoja kwa kila siku ya juma. Wa nane, mashimo manane ya safu ya bao. Wa tisa, nyanya tisa katika mafungu matatu. Wa kumi, vidole vya mikono miwili. Mtoto aguse kila kitu mara moja tu, akitaja namba. Akiisha kuzoea, ndipo uandike tarakimu pembeni. Aiandike hewani kwa kidole, kisha mchangani, kisha katika karatasi. Na wewe uiandike pamoja naye.

Sasa rudini kwenye vile vitu kumi vilivyo mbele yenu. Vigaweni katika mafungu mawili kwa kila njia mnayoweza: moja na tisa, mbili na nane, na kuendelea. Andikeni kila njia daftarini.

Maswali

1. Hatua tatu za kujifunza hesabu ni zipi, na kwa nini tarakimu ni ya mwisho?
2. Neno tandatu linatuonyesha nini juu ya namna ya kuhesabu ya watu wa kale?
3. Mchezaji wa bao ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Jumla ni ngapi? Wachezaji wawili wana ngapi?
4. Mama amepanga mafungu sita ya nyanya nne nne. Ana nyanya ngapi? Akiuza mafungu mawili, zimebaki ngapi?
5. Zungumzeni darasani: mzazi afanye nini akiona daftari la mtoto lina kurasa chache, lakini mtoto anaweza kuhesabu vikombe bila kukosea?

Somo lijalo kila mmoja aje na kitabu chake cha picha, japo kina kurasa tatu tu. Tutabadilishana na kusomeana. Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka siku hiyo.